Kuihifadhi Nyumba na Panya Wakati wa Masika

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo: haya ni mafundisho mafupi juu ya panya, hukumu zake katika sharia kwa madhehebu ya Imamu Shafii, na njia za kumzuia asiingie nyumbani. Yamekusanywa kwa ajili ya wenye nyumba, wenye maduka, na wasimamizi wa misikiti na vyuo, kwani hao ndio watakaoulizwa juu ya vilivyo chini ya mikono yao.

Kila mwaka mvua za masika zianzapo, baina ya mwezi wa Machi na Mei, maji hujaa katika mashimo ya panya, mabondeni na kando ya mifereji. Panya hana tena pa kulala. Hupanda ukutani, hupenya chini ya mlango, huingia darini. Kisha huja kipupwe na upepo wa kusi, na mavuno yamekwisha tiwa ghalani. Akakuta ukavu na chakula mahali pamoja, asiwe na haja ya kurudi nje. Katika nchi za baridi, kama Uingereza, ambako watu wengi wa pwani hii wamehamia, mambo ni hayo hayo, ila sababu ndiyo mbali: huko kimwingizacho ndani ni baridi ya mwisho wa mwaka, wala si maji. Lakini mlango wake ni mmoja huku na huko, nao ni tundu ambalo mwenye nyumba hakuliziba.

Watu wengi humkumbuka panya siku aliyotoboa gunia. Siku hiyo hukimbilia sumu, wakaimwaga jikoni na mvunguni, wakadhani wamekwisha fanya lipasalo. Utaratibu wa sharia sio huo. Amri ya kila usiku ni kufunika, kufunga na kuzima. Ama kuua ni jambo la pale linapohitajika, nalo lina adabu zake. Mwenye kushika la mwisho akaliacha la kwanza huua panya wa leo, akawakaribisha wa kesho.

FASILI YA KWANZA: Panya ni mnyama gani, na kwa nini huitwa fasiki

Panya wazoeao nyumba za watu mijini ni aina tatu. Wa kwanza ni panya wa paa: mwembamba, mkia wake mrefu kuliko kiwiliwili chake, masikio makubwa, hodari wa kupanda, ndiye akaaye darini na ndani ya makuti. Wa pili ni panya wa mashimo: mnene, mkia wake mfupi kuliko kiwiliwili, huchimba, ndiye apatikanaye bandarini na katika mifereji ya maji machafu. Wa tatu ni yule panya mdogo wa nyumbani, akaaye kabatini na nyuma ya masanduku.

Panya mdogo hupenya tundu la upana wa kalamu ya risasi. Panya mkubwa, khasa akiwa kijana, hupenya tundu liwezalo kupita kidole gumba. Meno yake ya mbele hayaachi kukua muda wa uhai wake, kwa hiyo hana budi kuguguna: mbao, sabuni, ngozi, hatta risasi na plastiki. Mimba yake ni siku 21 hatta 23, na aghalabu huzaa watoto 6 hatta 8 kwa mara moja; na hao watoto huweza kuzaa kabla ya kutimiza miezi 4. Basi asemaye, “Ni panya mmoja tu, mwacheni,” hakupiga hesabu.

Katika hadithi ya Bi Aisha, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume s.a.w. amewataja wanyama watano waharibifu wauawao katika ardhi ya Haram na nje yake: kunguru, mwewe, nge, panya, na mbwa mkali aumaye. Haram ya Makka ni mahali ambapo kuwinda ni haramu. Ikiwa panya huuawa huko, basi ni wazi zaidi kwamba huuawa kwingineko. Kwa hiyo wamesema wanavyuoni wa madhehebu kwamba kumwua ni sunna, na kumla ni haramu.

Na katika hadithi nyingine ameitwa fuwaisiqa, yaani fasiki mdogo. Wengine hudhani maana yake ni kwamba panya ana dhambi. Sivyo, kwa kuwa mnyama hana taklifu. Asili ya fisqi katika lugha ya Kiarabu ni kutoka; husemwa tende imefanya fisqi ikitoka katika ganda lake. Na Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, ameeleza kwamba wanyama hawa wameitwa hivyo kwa kuwa wametoka katika mwenendo wa wanyama wengine kwa udhia na uharibifu wao. Basi huuawa ili kuondoa madhara yake, wala si kwa kumlipiza kisasi. Jambo hili lishikwe, kwani adabu zote za Fasili ya Nne zimejengwa juu yake.

FASILI YA PILI: Madhara yake

La kwanza ni maradhi ya tauni. Mwaka 1894, katika mji wa Hong Kong, tabibu Alexandre Yersin alikitambua kijidudu cha maradhi hayo. Na mwaka 1898, katika mji wa Karachi, tabibu Paul-Louis Simond alionyesha kwamba kiroboto ndiye akitoaye kijidudu hicho kwa panya na kukifikisha kwa mtu. Panya afapo, mwili wake hupoa, viroboto wakamwacha wakatafuta mwili mwingine wenye joto. Maradhi hayo yalisafiri kwa vyombo vya baharini pamoja na panya walio ndani yake, yakafika Bombay mwaka 1896, na mwaka 1898 yakafika Toamasina, bandari ya Madagaska. Wala asidhani mtu kwamba hayo ni khabari za kale tu. Katika milima ya Usambara, upande wa Lushoto, tauni ilizuka mwaka 1980 ikawa ikirudi kwa miaka mingi. Na huko Madagaska mwaka 2017 walitajwa wagonjwa zaidi ya 2000, na waliokufa walizidi 200.

La pili ni homa itokanayo na mkojo wa panya. Mkojo huo huingia katika maji ya mafuriko na madimbwi, na kijidudu chake hupenya mwilini kwa njia ya jeraha, jicho au kinywa. Mtu hushikwa na homa kali na maumivu ya viungo. Pengine macho huwa manjano, au figo zikaharibika. Mwaka 2022 homa hiyo, iliyoitwa homa ya mgunda, ilitokea katika mkoa wa Lindi kusini mwa Tanzania, wakafa watu 3. Basi atembeaye katika maji ya mvua hali ana kidonda mguuni na avae viatu vya mpira, au akifunike kidonda chake, kisha aoge.

La tatu ni moto. Abu Daud amepokea kwa Ibn Abbas kwamba panya aliburuta utambi wa taa, akautupa juu ya mkeka aliokalia Mtume s.a.w., ukaungua mahali kiasi cha dirhamu moja; hapo Mtume akaamrisha taa zizimwe wakati wa kulala. Leo nyumba nyingi hazina utambi, lakini zina waya za umeme darini, na panya huguguna ganda la waya kama alivyoburuta utambi. Waya mbili zilizovuliwa ganda zikigusana hutoa cheche, na chini yake kuna boriti kavu au makuti. Sababu iliyotajwa katika hadithi ipo hatta leo. Kilichobadilika ni chombo. Kwa hiyo mwenye nyumba aonaye taa zikizimika na kuwaka zenyewe, au asikiaye harufu ya kuungua, na azime umeme kwenye sanduku lake, amwite fundi azitazame waya za darini.

La nne ni mali. Panya alapo kilo moja ya mchele huharibu zaidi ya hiyo kwa mkojo, mavi na manyoya yake. Na baadhi ya wafasiri, katika kuifasiri khabari ya watu wa Sabaa, wametaja kwamba lile boma lao la maji la Maarib huko Yaman lilitobolewa na panya, hatta lilipokuja gharika likavunjika. Mtu mwenye akili hulitazama tundu dogo kwa jicho hilo.

Na asiseme mtu kwamba haya yote ni kadari, basi hakuna haja ya kujisumbua. Sayyidna Umar, alipokuwa akienda Sham na kusikia kwamba kuna tauni, alirudi na watu wake. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari yake, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyekuta bonde lenye majani na bonde kavu: achungapo katika lolote katika mawili hayo hachungi ila kwa kadari. Kisha Abdurrahman bin Auf akawapasha hadithi ya Mtume s.a.w., kwamba nchi yenye tauni haiingiwi, na aliyemo hatoki kwa kuikimbia. Basi kuziba tundu ni kadari, na kuliacha wazi ni kadari. Lakini mja ataulizwa ni lipi alilolichagua.

FASILI YA TATU: Kumzuia kabla ya kumwua

Msingi wa fasili hii ni hadithi ya Jabir, ambayo ndani yake Mtume s.a.w. ameamrisha vyombo vifunikwe, viriba vifungwe vinywa, milango ifungwe na taa zizimwe. Na asiyepata kifuniko aweke walau kijiti juu ya chombo, akalitaja jina la Mwenyezi Mungu. Atakayeyatenda hayo kila usiku kwa nia ya kufuata amri atapata thawabu, na nyumba yake itasalimika. Na ufafanuzi wake kwa nyumba za pwani ni kama haya yafuatayo.

Kwanza, ajue panya anapita wapi. Atwae taa usiku, baada ya watu kulala, atazame kando ya kuta. Mavi ya panya mdogo ni mfano wa punje ya mchele. Ya panya mkubwa hukaribia urefu wa kokwa ya tende. Panya hupita njia moja kila siku, akiambaa na ukuta, na manyoya yake huacha weusi wa mafuta ukutani na katika boriti. Penye weusi huo ndipo pa kuanzia kazi.

Pili, azibe matundu kabla ya mvua kuanza. Kitambaa, karatasi, udongo mtupu na mbao havimzuii. Azibe kwa saruji iliyochanganywa na kokoto au vigae vya chupa; na mahali pembamba, kama pembeni ya bomba, ashindilie sufu ya chuma isuguliwayo masufuria, kisha apake saruji juu yake. Matundu ya kuingiza hewa yasizibwe, bali yawekewe wavu wa chuma wenye macho madogo. Nyumba ya udongo na fito ikandikwe upya chini ya kiambaza, na ikiwezekana ijengewe msingi wa mawe.

Tatu, mlango. Nyumba nyingi milango yake imeliwa chini, baina yake na kizingiti pakawa na nafasi ya vidole viwili. Apigilie ukanda wa bati chini ya ubao, hatta asiweze kuingiza kalamu.

Nne, paa. Matawi ya mwembe na makuti ya mnazi yasiguse paa wala ukuta. Yakatwe pawe na nafasi ya hatua mbili au zaidi, kwani panya wa paa hurukia. Wakulima wa minazi huzungusha bati shinani ili panya asipande, kwa kuwa kucha zake hazishiki mahali pateleza. Na manahodha huweka sahani za bati katika kamba za kufungia meli gatini kwa sababu hiyo hiyo. Basi mwenye nyumba aweza kufanya vivyo hivyo katika nguzo na mabomba yapandayo darini.

Tano, chakula. Mchele, unga, kunde na tende vitiwe katika pipa la bati au mtungi wenye kifuniko kizito. Magunia yasilazwe sakafuni wala kuegemezwa ukutani. Yawekwe juu ya uchaga, na baina yake na ukuta paachwe nafasi ya mtu kupita na ufagio, kwani panya hapendi mahali patazamwapo. Vyombo vilivyolewa vioshwe kabla ya kulala. Makombo ya sinia yaliyoachwa hatta alfajiri ni karamu yake. Na chakula cha kuku na cha paka kiondolewe jioni.

Sita, takataka. Jaa lililo nyuma ya nyumba ndilo shamba la panya. Taka ziwekwe katika chombo chenye kifuniko, na vifuu, mbao za kale na magari mabovu visirundikwe ukutani.

Saba, maadui zake. Paka ni tahiri, na mabaki ya maji aliyoyanywa ni tahiri, kama ilivyothibiti katika hadithi ya Abu Qatada kwamba paka ni katika wenye kuwazungukia watu majumbani mwao. Kumfuga ni msaada, lakini paka hatoshi peke yake, na panya mkubwa wa mashimo aghalabu humshinda. Na amfugaye amlishe, wala asimfungie kwa njaa kwa kudhani ndipo atawinda. Mwanamke aliyemfungia paka hatta akafa aliadhibiwa kwa sababu yake. Kadhalika bundi. Watu wengi wa pwani humsikia bundi juu ya paa wakasema ni kisirani, wakampiga mawe. Hiyo ni itikadi ya kijahiliya. Mtume s.a.w. amekanusha mambo ya ndege mbaya, na katika hayo ameitaja hama, ambayo katika tafsiri moja ya wanavyuoni ni bundi. Ndege huyo chakula chake ni panya, na usiku mmoja huweza kukamata zaidi ya mmoja. Basi ampigaye mawe hujifukuzia mlinzi asiyemlipa mshahara.

FASILI YA NNE: Kumwua, na adabu zake

Mtume s.a.w. amefundisha, katika hadithi ya Shaddad bin Aus aliyoipokea Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ameandika ihsani katika kila kitu, hatta katika kuua. Na imekatazwa kuadhibu kwa moto, kwani mwenye moto ndiye Mola wake. Kwa hiyo ile desturi ya watoto wa mitaani kummwagia panya mafuta ya taa wakamwasha ni haramu, na mzee aitazamaye na kucheka ni mshirika wao. Na juu ya uharamu wake, panya mwenye moto hukimbilia makutini.

Lililo bora ni mtego wa mbano wenye nguvu, umwuao mara moja. Auweke kando ya ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, katika ile njia yenye weusi. Panya mkubwa hukiogopa kitu kigeni. Basi mtego uwekwe na chambo siku kadhaa pasipo kutegwa, hatta auzoee, kisha utegwe. Kipande cha nazi ya kuchoma au papa mkavu chafaa. Utazamwe kila asubuhi. Ama mtego wa gundi, panya hunasa akafa kwa njaa na hofu muda mrefu. Huo uko mbali na ihsani, na heri kuuacha maadamu mwingine wapatikana.

Ama sumu, iwe ndiyo ya mwisho, nayo ina sharti. Nyingi katika sumu za dukani huizuia damu isigande, na panya hufa baada ya siku kadhaa, pengine darini ambako hapafikiwi. Paka au bundi akimla, naye huweza kufa. Na msiba mkubwa kuliko huo ni mtoto. Sumu hutiwa katika andazi au kipande cha mkate, kikawekwa mvunguni, na mtoto atambaaye hafahamu tofauti ya andazi la panya na lake. Huenda siku ya kwanza na ya pili asionyeshe dalili yoyote, na damu yake inaharibika. Kisha fizi zikatoka damu, akina mama wakadhani ni meno. Mtoto ashukiwaye kula sumu apelekwe hospitali saa ile ile, pamoja na pakiti ya sumu, asingojewe augue. Sumu ya namna hiyo ina dawa yake, nayo ni vitamini K, ikiwahiwa. Lakini sumu ya zinki fosfaidi huua upesi kwa gesi itokayo tumboni, wala haina dawa maalumu ya kuiondoa. Na zile zinazouzwa barabarani katika vikaratasi visivyo na jina hajulikani ni nini, hatta tabibu hajui atibu kwa lipi.

Basi mwenye kutumia sumu aiweke ndani ya sanduku lenye kufuli na tundu la kupita panya tu. Asiichanganye na chakula cha watu. Na aandike mahali alipoiweka. Asiyeweza sharti hizi asiitumie. Kuondoa khasara ya gunia la mchele kwa kuihatarisha nafsi iliyoharimishwa hakukubaliwi na sharia wala akili.

Na panya aliyekutwa amekufa asishikwe kwa mkono mtupu. Ashikwe kwa mfuko, azikwe mbali na kisima. Wakionekana panya wengi wamekufa pasipo sumu, jambo hilo lipelekwe kwa bwana afya upesi, wala mtu asianze kuwaua waliobaki kabla ya viroboto kuuawa, kwa sababu iliyotajwa katika Fasili ya Pili.

FASILI YA TANO: Mas-ala ya najisi

Suala: Panya amekutwa amekufa ndani ya samli, ni nini hukumu yake?
Jawabu: Ikiwa samli imeganda, atolewe yeye na iliyomzunguka, na iliyobaki huliwa. Ikiwa ni ya maji maji, yote imenajisika. Na alama ya iliyoganda ni kwamba likichotwa pande, mahali pake hapajazwi upesi na iliyo pembeni. Hukumu ya asali na mafuta ni hiyo hiyo.

Suala: Je, mafuta hayo yaliyonajisika yaweza kuoshwa, au kuuzwa?
Jawabu: Kwa kauli iliyo sahihi katika madhehebu, mafuta hayatahiriki kwa kuoshwa, na kuyauza hakusihi. Yafaa kuwashia taa isiyo ya msikitini. Basi mwenye duka aliyemtoa panya katika pipa la mafuta usiku, akafungua duka asubuhi akapima, ameuza najisi, amekula mali ya watu kwa batili, na ameingia katika wale waghushio, ambao Mtume s.a.w. amejitenga nao. Khasara ya pipa moja ni nyepesi kuliko hiyo. Na kifuniko chake kingalikuwa chepesi zaidi.

Suala: Panya ameanguka katika maji machache au mafuta akatoka yu hai?
Jawabu: Kwa kauli iliyo sahihi hayanajisiki, kwa kuwa ni taabu kujihifadhi na jambo hilo, ila ikionekana najisi yenyewe juu yake.

Suala: Amekufa katika kisima au birika la msikiti?
Jawabu: Maji yasiyotimia kulla mbili, nazo ni kiasi cha lita 200 na kitu, hunajisika. Yakitimia kulla mbili au kuzidi, hayanajisiki maadamu haikugeuka rangi yake, wala tamu yake, wala harufu yake. Lakini ifahamike kwamba tahara ni jambo moja na usalama wa mwili ni jambo jingine. Maji huweza kuwa tahiri kwa udhu, na kuyanywa kukaleta maradhi. Kwa hiyo panya aondolewe, kisima kitekwe na kitiwe dawa ya klorini, na maji ya kunywa yachemshwe.

Suala: Mavi ya panya yameonekana katika mchele, au juu ya nguo na mkeka wa kusalia?
Jawabu: Mavi yake ni najisi. Yakiwa makavu na mchele mkavu, yaokotwe, kwani kikavu hakikinajisi kikavu. Na mchele uoshwe vyema. Uliolowa mkojo utupwe kwa kuchelea maradhi. Nguo na mkeka huondolewa ile najisi yenyewe, kisha hupitishiwa maji hatta isibaki tamu wala rangi wala harufu. Na atakayesafisha stoo au dari asifagie pakavu, kwa kuwa vumbi lake huingia kifuani. Anyunyize kwanza maji yenye dawa, angoje kidogo, kisha afute hali amevaa mifuko mikononi.

FASILI YA SITA: Haki ya jirani na amana

Katika miji ya mawe, kama Lamu, Mji wa Kale wa Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja, nyumba huegemeana, na ukuta mmoja huwa wa watu wawili. Panya hajui mpaka wa milki. Mwenye kuziba kwake peke yake, na jirani ameacha jaa lake wazi, amefanya nusu ya kazi. Na yule mwenye jaa amemdhuru jirani, na Mtume s.a.w. amekataza kudhuru na kudhuriana. Basi inafaa watu wa mtaa washauriane kabla ya masika, wafanye siku moja ya kuzoa taka na kuziba kuta. Na mwenye uwezo amnunulie jirani fakiri au mjane mfuko wa saruji. Hiyo ni sadaka, na faida yake humrudia aliyeitoa kabla ya kutimia mwezi.

Na ilivyo kwa jirani ndivyo ilivyo kwa amana. Mafakihi wa madhehebu wamesema kwamba aliyewekewa nguo za sufi yampasa kuzianika ili nondo wasizile. Akiacha, zikaharibika, hulipa. Kwa kiasi hicho, aliyewekewa mpunga, msimamizi wa mali ya mayatima, na nadhiri wa wakfu, wakiviacha vitu mahali pa panya hali wanajua, hawawezi kusema, “Panya ndiye aliyekula.” Uzembe ni wao, na dhamana ni yao. Kadhalika misahafu mikongwe iliyolundikwa darini mwa misikiti na vyuo, iliyogugunwa pembe zake na kukojolewa. Kitabu ambacho mtu hakigusi ila kwa udhu kimeachiwa fasiki mdogo akifanye kitanda! Itolewe, iliyo nzima iwekwe katika sanduku la bati lenye kufungika, na isiyofaa tena kusomwa ihifadhiwe kwa heshima kama walivyofundisha wanavyuoni.

KHATIMA

Muhtasari wa haya ni mambo manne: kufunika chakula na maji kila usiku, kufunga mlango na kuziba tundu kabla ya mvua, kuzima moto na kuzitazama waya, na kumwua aliyekwisha ingia kwa ihsani, pasipo moto, na pasipo sumu iwezayo kufika mkononi mwa mtoto. Matatu ya kwanza ni kazi ya kila siku na gharama yake ni ndogo. La nne hupungua kila matatu hayo yanapozidi. Na baba wa nyumba asiwaachie wanawake na watumishi jambo hili kisha akawalaumu, kwani kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, na nyumba yake ndicho cha kwanza.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba za Waislamu na kila lenye kudhuru, na ajaalie elimu hii iwe yenye kutendwa.

Wallahu aalam.